Mbegu ya Kiwi na Mbegu ya Pasheni
Hotuba kwa wakulima wa Sondu



Sondu ni mahali pa njia panda. Hapa Mjaluo kutoka Nyakach, Mkipsigis kutoka Sigowet, na Mkisii ashukaye kutoka milimani hukutana sokoni, kila mmoja na mzigo wake, na lugha ipatanishayo bei ni Kiswahili. Kwa hiyo nami nitasema kwa Kiswahili, na atakayekosa neno na amwulize jirani yake. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya serikali. Lakini nililelewa katika shamba la mama yangu, si mbali na mto huu, na habari nitakayowaeleza imenigusa mimi mwenyewe.

Habari hii ilianza kwa swali. Mzee mmoja alinisimamisha karibu na mnada wa ng'ombe, akatoa mfukoni tunda dogo la rangi ya kahawia, lenye manyoya kama panya mchanga. Akaniambia, "Mwanangu, mjukuu wangu aliniletea matunda haya mawili kutoka duka kubwa la Kisumu. Nilipoambiwa bei yake nilidhani natukanwa, maana kwa fedha hizo ningepata mananasi ya kutosha nyumba nzima. Moja nimelikata, nikaona mbegu nyeusi nyingi sana, ndogo kama mayai ya chungu. Basi kwa nini sisi tusizipande?"

Swali lile ni la mtu mwenye akili. Lakini aliendelea kunieleza kwamba amekwisha kusemezana na mchuuzi auzaye miche ya tunda hilo, na ya kuwa yu tayari kuuza mtamba wake mmoja, na kung'oa safu mbili za pasheni, ili apate fedha na nafasi. Nilimwomba angoje hadi siku ya leo. Mzee huyo ameketi hapa mbele, nami nitamjibu yeye kwanza, kisha nyinyi nyote.

TUNDA LA KIWI LILITOKA WAPI

Watu wengi hudhani kiwi ni tunda la Nyuzilandi tangu asili. Sivyo. Asili yake ni Uchina, ambako huota msituni na kupanda juu ya miti. Mwaka wa 1904 mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana ya mji wa Wanganui huko Nyuzilandi, jina lake Isabel Fraser, alirudi kutoka safari ya Uchina, ambako dada yake alikuwa mmisionari katika mji wa Yichang. Alikuja na mbegu chache. Mbegu hizo zikafika mikononi mwa mkulima hodari aitwaye Alexander Allison, akazipanda, na mwaka wa 1910 matunda yakaonekana. Baadaye mwotesha miche mwingine, Hayward Wright, alichagua mmea mmoja uliozaa matunda makubwa yakaayo muda mrefu bila kuoza. Kiwi nyingi za rangi ya kijani ziuzwazo duniani hata leo ni za uzao huo, nao umepewa jina lake, Hayward. Jina la kiwi ni la ndege wa Nyuzilandi, nalo lilianza kutumika kwa tunda hili mwaka wa 1959, wafanyabiashara walipotaka kuliuza Marekani.

Naona nyuso zenu zimechangamka. Mwasema moyoni, "Ikiwa mwanamke mmoja aliweza kubeba mbegu mkobani akaanzisha utajiri wa nchi, sisi twangoja nini?" Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Basi sikilizeni yaliyonipata.

JARIBIO LANGU

Miaka michache iliyopita nilisoma jinsi ya kuotesha kiwi kwa mbegu. Nilinunua tunda lililoiva, nikatoa mbegu zake, nikaziosha katika chujio hadi utelezi wote ukatoka. Kisha nikazifunga katika kitambaa chenye majimaji na kuziweka ndani ya friji ya rafiki yangu kule Kisumu kwa muda wa majuma sita. Mbegu hizi kwao hulala ardhini wakati wa baridi kali, na nyingi haziamki vema zisipopata baridi hiyo kwanza. Mke wa rafiki yangu alilalamika kwamba nimejaza uchafu karibu na maziwa yake, lakini alivumilia.

Nilizipanda katika kopo juujuu tu, nikazifunika kwa udongo mwembamba sana. Zikaota. Nilipoona miche ile, furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko akili yangu. Nilimwomba mama yangu anipe kipande cha bustani yake, mahali alipokuwa akipanda mboga za kuuza, nami nikasimika nguzo na kuvuta waya. Mama hakukataa. Aliniuliza jambo moja tu: "Tunda hili laiva mwezi gani?" Sikuwa na jibu.

Miche ilipanda juu ya waya, ikatoa majani mapana ya kupendeza. Watu walikuja kuitazama. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Hatukuona ua hata moja. Mwaka wa tano mama yangu alichukua panga, akakata yote bila kuniuliza, akapanda tena mboga zake. Nilipofika nyumbani nilimkuta anapalilia. Alisema, "Mwanangu, majani nimeyaona. Mimi nauza sukuma wiki." Sikuwa na la kujibu mara ya pili.

KWA NINI HAIKUZAA

Baada ya aibu hiyo nilisoma tena, safari hii kwa makini, nikaona ya kuwa mambo matatu yalikuwa yakinipinga tangu siku ya kwanza.

Jambo la kwanza ni baridi. Mmea wa kiwi hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi. Usipopata saa mamia ya baridi kali, chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, machipukizi ya maua hayaamki vizuri. Sisi wa Sondu twasema usiku wa mwezi wa saba una baridi, lakini baridi yetu ni ya kutafuta blanketi, haifikii ile ya kuulaza mkiwi. Hakuna samadi wala dawa ya dukani iwezayo kuibadili hewa ya Nyanza.

Jambo la pili ni dume na jike. Nyinyi mwajua mpapai. Waweza kuotesha mipapai kumi kwa mbegu, ukaitunza, na mwisho ukakuta mingine ni midume isiyozaa. Kiwi ni vivyo hivyo. Mmea mmoja ni dume na mwingine ni jike, na mtu hawezi kujua mche wa mbegu ni upi mpaka siku utakapotoa maua. Hata wenye maarifa walishindwa: mimea ya kwanza iliyouzwa Uingereza na Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini ilikuwa midume mitupu, wakangoja matunda bure. Mpapai hukuonyesha jinsia yake kabla ya mwaka kwisha. Mkiwi wa mbegu, hata katika nchi iufaayo, waweza kukuweka miaka mitano, saba, au zaidi.

Jambo la tatu ni kwamba mche wa mbegu hauwi sawasawa na mama yake. Ukipanda mbegu za kiwi tamu ya dukani, hupati Hayward. Wapata watoto wake, na kila mtoto ana tabia yake. Kwa sababu hiyo wakulima wa Nyuzilandi hawapandi mbegu mashambani mwao. Hupanda miche iliyotokana na vijiti vya mmea uliochaguliwa.

Basi mzee wangu, jibu lako ni hili: usiuze mtamba wako. Na mtu akikuletea miche ya kiwi, mwulize maswali matatu. Je, ni ya mbegu au ya kubebeshwa? Madume ni ipi na majike ni ipi? Na katika nchi yenye joto kama hili letu, ni shamba gani ambalo imekwisha kuzaa, nami nikalione kwa macho yangu? Akikwepa swali la tatu, mpe kikombe cha chai, umwage kwaheri.

MMEA UTAMBAAO UNAOTUFAA

Sasa nataka kusema juu ya zile safu mbili alizotaka kuzing'oa. Pasheni imezoeleka Kenya hata wengi huiita "matunda" tu, kana kwamba hakuna tunda lingine. Lakini nayo ilikuwa mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Brazili, Paragwai na Ajentina ya kaskazini. Jina lake lilitokana na wamisionari wa zamani walioona katika ua lake alama za mateso ya Yesu, kama taji la miiba na misumari. Hapa Kenya ililimwa kwa biashara katika nyanda za juu tangu miaka ya 1930. Mgeni huyu alikubaliwa na hewa yetu, na ndiyo tofauti yake na kiwi.

Kuna aina mbili kubwa. Ile ya zambarau hupenda mahali palipoinuka, kama meta 1200 na zaidi juu ya bahari, na kwa hiyo hustawi kuelekea Kericho, Sotik na Kisii. Ile ya manjano hupenda joto, nayo yafaa zaidi kwa wale walio chini kuelekea uwanda wa Kano na ziwani. Watafiti wa serikali wa Kenya nao wametoa aina za manjano zilizo tamu, kama KPF 4, KPF 11 na KPF 12. Sondu iko kwenye mteremko kati ya ziwa na milima, hivyo kila mtu na autazame mwinuko wa shamba lake kabla ya kuchagua.

JINSI YA KUOTESHA MBEGU

Chagua tunda kutoka mmea wenye afya, uzaao sana, usio na majani yenye mabakabaka wala matunda magumu. Liache liive hata lianguke lenyewe. Toa mbegu pamoja na maji yake, uziweke katika kikombe kwa siku mbili au tatu hata utelezi uchachuke. Kisha zisugue, zioshe kwa maji safi, na uzianike kivulini, si juani. Zipande mapema, maana mbegu mbichi huota upesi kuliko iliyokaa miezi mingi kabatini.

Kabla ya kupanda, ziloweke kwa maji siku moja. Tengeneza kitalu cha udongo mzuri uliochanganywa na mboji na mchanga, na usichukue udongo pale ambapo pasheni ziliwahi kunyauka. Panda mbegu kina cha nusu inchi, funika kwa majani makavu, na umwagilie asubuhi. Miche itaanza kuonekana baada ya majuma mawili hadi manne, nawe uondoe majani yale mara uionapo. Ikipata majani mawili au matatu ya kweli, hamishia kila mche katika mfuko wake, uuweke penye kivuli chepesi.

KUBEBESHA

Hapa ndipo wengi hukosea. Pasheni ya zambarau ina adui aitwaye mnyauko. Ni ukungu ukaao udongoni, huingia kwa njia ya mizizi, na mmea uliokuwa mzima juma lililopita hufa umesimama. Pasheni ya manjano huvumilia ugonjwa huo. Kwa hiyo mkulima mwerevu huotesha mbegu za manjano ili apate mizizi, kisha hubebesha juu yake kijiti cha zambarau.

Ngoja mche wa manjano ufikie unene wa kalamu ya risasi, yaani baada ya miezi mitatu au minne hivi. Ukate juu ya kimo cha shibiri moja, na upasue ncha ya shina katikati kwa kisu kikali, kina cha inchi moja. Chukua kijiti cha zambarau chenye unene uleule na macho mawili au matatu, ukichonge chini kama kabari, ukiingize katika ule mpasuko, maganda yakutane. Funga kwa ukanda wa plastiki, kisha funika kwa mfuko mdogo usiopitisha hewa ili kijiti kisikauke. Weka kivulini. Baada ya majuma matatu hivi, ukiona machipukizi, ondoa mfuko ule polepole. Pitisha kisu motoni kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, kwani kisu hubeba maradhi.

Siku ya kupanda shambani, hakikisha kiungo kile kiko juu ya udongo. Ukikifukia, sehemu ya zambarau itatoa mizizi yake yenyewe, na mnyauko utaingia, nawe utakuwa umejichosha bure.

SHAMBANI

Panda mwanzo wa mvua ndefu. Chimba mashimo ya futi moja na nusu kila upande, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza vema. Acha futi 6 kati ya safu na safu, na futi 10 kati ya mche na mche. Nguzo ziwe za futi 8, mbili ziingie ardhini, na waya mmoja mgumu upite juu. Elekeza shina moja au mawili juu ya kamba mpaka yafike kwenye waya, uyakate machipukizi ya pembeni, kisha uyaache yatambae kushoto na kulia. Matawi yaning'iniayo yasiguse ardhi.

Usipande ndani yake kunde, maharagwe wala maboga. Najua shamba ni dogo na kila mtu ataka kutumia nafasi, lakini mimea hiyo huweza kukaribisha vidukari, na vidukari hubeba virusi vya ugonjwa wa tunda gumu. Mmea ulioshikwa na ugonjwa huo hauna dawa. Ung'oe na uuchome siku ileile, hata kama moyo wakuuma. Madoa ya kahawia katika majani na matunda ni ugonjwa mwingine, wa ukungu. Huo hupunguzwa kwa kupogoa ili hewa ipite, kuokota matunda mabovu, na kutumia dawa kama aelekezavyo Bwana Shamba.

Tena, msiwafukuze nyuki wale wakubwa weusi watoboao miti mikavu. Ndio wakunga wa pasheni. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na hufunga kabla ya adhuhuri, nalo laweza kuzaa kwa chavua yake lenyewe. Ua la manjano hufunguka karibu na saa sita mchana, na kwa kawaida halizai kwa chavua ya mmea wake. Hutaka chavua ya mmea mwingine. Kwa hiyo mpanda manjano asipande mche mmoja tu nyuma ya nyumba, kisha aje kulalamika kwamba amerogwa. Na anyunyiziaye dawa afanye hivyo wakati maua yamefunga, ili asiwaue hao wafanyakazi wasiodai mshahara.

Ukitunza vizuri, matunda ya kwanza utayaona kabla ya mwaka kwisha au karibu yake. Okota yaliyoanguka kila siku au kila siku mbili, yasichomwe na jua. Mmea huzaa kwa nguvu miaka mitatu hivi, kisha huchoka. Basi mwaka wa pili uwe tayari na kitalu kipya, mahali pengine.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu, sikusema kwamba mtu asijaribu jambo geni. Kama babu zetu wangekataa kila mgeni, leo tusingekuwa na mahindi, wala mihogo, wala hayo mananasi ya Sigowet. Mtoto wa shule akitaka kuotesha mbegu kumi za kiwi katika kopo, mwacheni aoteshe, atajifunza mengi. Jaribio la kopo ni elimu ya bei nafuu. Lakini jaribio la kuuza mtamba na kung'oa mazao yazaayo, hilo ni kucheza bahati nasibu na karo ya watoto.

Mama yangu aliniuliza tunda laiva mwezi gani. Natamani kila mmoja wenu aende nyumbani na swali hilo, na alitumie kwa kila mbegu mpya aletewayo: laiva mwezi gani, katika hewa hii, na nani atalinunua siku hiyo?

Mzee wangu uliyeketi hapa mbele, safu zako mbili nilikwenda kuzitazama jana pamoja na mwanao. Safu ya juu ni nzima. Katika ya chini mimea mitatu imekwisha kushikwa na mnyauko, na hiyo ndiyo sababu uliona hazikupi kitu. Ing'oe hiyo mitatu, uichome, wala usirudishe pasheni katika mashimo yale. Mwanao amekwisha kutoa mbegu kutoka pasheni ya manjano ya jirani yenu, nazo zimo katika kikombe, zinachachuka. Siku ya kubebesha mniite. Nitakuja na kisu changu, na mama yangu amesema naye atakuja, kuhakikisha kwamba safari hii nafanya kazi ya kweli.